Droni Ikishuka Chini ya Ukingo

Kurusha droni kwenda juu hakumsumbui mtu kwa muda mrefu. Vidole vikishazoea vile vijiti viwili vya rimoti, chombo kinapaa, anga iko wazi, na kadiri kinavyopanda ndivyo kinavyozidi kuonana na aliyekirusha. Kushuka ni habari nyingine. Simama juu ya genge, paisha, peleka mbele kidogo, kisha iteremshe chini ya usawa wa miguu yako. Haichukui muda, picha kwenye skrini inaanza kukwama, inavunjikavunjika, halafu linatokea onyo kwamba mawasiliano ni hafifu. Droni yenyewe haijaenda popote. Pengine haijamaliza hata mita mia mbili, nayo imeundwa kwenda kilometa kadhaa. Kilichokatiza mawimbi ni jiwe la ukingoni, lile ulilokuwa umelikanyaga muda mfupi uliopita.

Wapo marubani ambao mawasiliano yao hayakatiki hapo. Wanashusha chombo hadi kinabaki kitone, wanakitembeza ubavuni mwa mwamba, wanakirudisha, na picha inatoka safi mwanzo mpaka mwisho. Watu wakiziona picha hizo husifu kamera. Mimi nimekuja kuwasifu wao, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yao hufanyika kabla mapanga ya droni hayajaanza kuzunguka, na kwa mtazamaji huonekana kama mtu anayezurura.

Mahali pazuri pa kuwatazama ni Irente, kilometa chache kutoka mjini Lushoto. Hapo milima ya Usambara Magharibi inakatika ghafla. Unatoka kwenye mashamba na miti, unapiga hatua chache juu ya mawe, na mbele yako ardhi imekwisha. Chini kabisa, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde, barabara kuu iendayo Moshi, reli ya Tanga na tambarare inayopotelea kwenye vumbi la umasaini. Kila anayefika na droni hutaka kitu kilekile: chombo kitoke ukingoni, kishuke, kigeuke, kiutazame mlima kutokea mbele na chini. Na wengi hupoteza picha palepale kinapogeuka.

Kijana mmoja niliyemwona akifanya kazi hapo, fundi wa video kutoka Tanga, alifika na vibali vyake mfukoni na mkoba mgongoni. Mkoba huo alikaa nao muda mrefu bila kuufungua. Kwanza alimwendea mzee aliyekuwa akikata majani ya ng’ombe.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu.”

“Upepo wa hapa mchana unatokea wapi?”

Mzee akaelekeza panga lake chini bondeni, akasema jua likishakolea upepo hupanda kutoka huko, na jioni hugeuka. Kijana akashukuru, akaanza kutembea ukingoni, taratibu, akisimama, akichungulia, akirudi nyuma, akienda kwenye jiwe jingine. Mwenzake alikuwa nyuma yake muda wote, kwa kuwa walikuwa wamekubaliana kwamba mwenye kushika rimoti hatembei akiwa anatazama skrini, na asiyeshika rimoti ndiye mwenye macho ya wote wawili.

Alichokuwa akikitafuta kinaweza kuandikwa kwa hesabu ya darasa la saba. Chukulia rimoti iko kifuani, mita 1.25 kutoka ardhini. Ukisimama mita 5 nyuma ya ukingo, mstari unaotoka kwenye rimoti na kupita juu tu ya ukingo unateremka robo mita kwa kila mita moja mbele. Maana yake, droni ikiwa mita 100 mbele ya ukingo, inaweza kushuka mita 25 tu chini ya ukingo. Ikizidi hapo, mwamba umeingia kati. Rudi nyuma ufike mita 10, zile 25 zinakuwa 12 na nusu. Sogea mbele ubakize mita moja, zinakuwa 125. Droni ni ileile, betri ni ileile, rimoti ni ileile. Hatua nne za mguu zimezidisha kina mara tano. Hakuna kifaa dukani kitakachokupa hicho.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini rubani mzuri hashuki wima. Chombo kikiwa mita 20 tu mbele ya ukingo, nafasi yake ya kushuka ni ndogo; kikiwa mita 200, ni mara kumi. Kwa hiyo rubani hutoka kwanza, mbali, kwa kimo kilekile cha kupaa, ndipo anaanza kuteremka, na anapotaka kuukaribia mwamba anajua kwamba kila mita anayosogea ndani inapunguza kina alichonacho. Na ubavu wa genge ulio chini ya nyayo zake mwenyewe anauacha. Hawezi kuuona kwa macho, na rimoti haitauona. Akiutaka, anahamia kwenye chomozo la mlima lililo upande wa pili, mahali ambapo mwamba anaotaka kuupiga picha uko mbele yake waziwazi. Huko ndiko kijana wa Tanga alikoishia: jiwe lililochomoza kando, ambalo wageni hulipita kwa sababu mandhari yake si mazuri sana. Kwa mwenye rimoti, hilo ndilo jiwe lililokuwa likionana na kila kitu.

Lakini kuonana kwa macho hakutoshi, na hapa ndipo ufundi unapozidi kunivutia. Mawimbi ya redio hayasafiri kwenye mstari mwembamba kama uzi. Yanahitaji nafasi kuuzunguka mstari huo, nafasi nyembamba kwenye ncha zake mbili na nene katikati. Wahandisi wameipa nafasi hiyo jina la Augustin Fresnel, Mfaransa aliyefariki mwaka 1827, yuleyule ambaye lenzi zake zilianza kuwashwa kwenye mnara wa taa wa Cordouan mwaka 1823 na kuwaongoza mabaharia. Alichunguza jinsi mwanga unavyopinda kwenye kingo za vitu, na redio ni ndugu wa mwanga, hivyo kanuni zake zimefika mpaka Irente.

Droni iliyo kilometa moja kutoka kwa rubani, ikitumia masafa ya gigahezi 2.4, inahitaji katikati ya njia nafasi ya kama mita tano na nusu kila upande wa mstari. Mita tano tu kutoka kwa rubani, pale ukingo ulipo, nafasi hiyo haifiki mita moja. Na si lazima iwe wazi yote. Wahandisi huridhika asilimia 60 ikiwa haina kizuizi. Kwa hiyo kinachotakiwa pale ukingoni ni kama nusu mita ya hewa kati ya mstari na jiwe. Nusu mita! Mstari ukigusa jiwe tu, hata kama jicho bado linaiona droni, robo tatu ya nguvu ya mawimbi imekwishapotea. Ni sawa na kuisogeza droni mara mbili ya umbali wake. Ndiyo maana mtu husema, “Mbona ninaiona, na picha inakatika?” Anaiona kweli. Jicho lake limepita juu ya jiwe kwa kiasi cha unywele, na unywele hautoshi redio.

Anayelijua hili utamwona akiinua rimoti kutoka kiunoni hadi kifuani pale onyo linapotokea, au akisimama ikiwa alikuwa ameketi, kabla hajagusa kijiti chochote. Wanaofanya kazi za upimaji huenda mbele zaidi: wanafunga antena juu ya mlingoti mfupi. Antena ikiwa mita 2.5 kutoka ardhini, mtu aliye mita 5 nyuma ya ukingo anapata kina mara mbili ya kile cha kwanza, naye hakulazimika kusogelea hatari. Kati ya njia zote hii ndiyo ninayoipenda zaidi, maana inamweka mtu mbali na genge.

Halafu kuna antena zenyewe. Rimoti nyingi zina mbili, bapa, zinazokunjuka juu. Asiyejua huzielekezea ncha zake kwenye droni, akidhani nguvu inatokea nchani. Mawimbi ya antena ya namna hiyo yana umbo la ngata: antena imesimama kwenye tundu, na mawimbi yamejaa pembeni pote kuizunguka. Nchani, kwenye tundu, hakuna kitu. Kwa hiyo ubapa ndio unaotakiwa kuitazama droni. Droni ikiwa mbele na chini, rubani anailaza antena mbele kidogo, ncha ikitazama mbele na juu, ubapa ukiinamia bondeni. Kadiri chombo kinavyozama, ndivyo antena zinavyolala zaidi. Kijana yule alikuwa akifanya hivyo kwa kidole kimoja, bila kuzitazama, kila baada ya muda mfupi, na mtu asiyejua angedhani ni mazoea tu ya mkono.

Upande wa droni nako kuna ngata nyingine. Antena zake mara nyingi zimefichwa ndani ya miguu, zimesimama wima. Rubani akiwa karibu wima juu yake, anakuwa kwenye tundu, na zaidi ya hapo kiwiliwili cha chombo na betri vimekaa kati yao. Ni sababu ya pili ya kutoka mbali kwanza kabla ya kushuka, na mtu akishaielewa huona jinsi hesabu ya ukingo na hesabu ya antena zinavyomwambia neno moja.

Masafa nayo yana tabia zake. Droni nyingi hutumia gigahezi 2.4 au 5.8, na nyingine hujichagulia zenyewe. Wimbi la 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu, la 5.8 kama sentimita 5. Wimbi refu hupinda vizuri zaidi kwenye kona ya mwamba na huvumilia majani zaidi, kwa hiyo anayekwenda kushuka huifungia droni yake kwenye 2.4 ili apate hasara ndogo. Mjini, penye Wi-Fi nyingi, uamuzi huo ungeweza kuwa kinyume. Majani nisiyapite haraka: miti ya ukingoni, hasa baada ya mvua, hunyonya mawimbi, kwa kuwa maji huyala masafa haya. Mwili wa binadamu ni maji pia. Rubani akigeuka kumjibu mtu aliye nyuma, amejiweka yeye mwenyewe kati ya rimoti na droni. Ndiyo maana kijana yule hakumgeukia mtu. Aliyeuliza swali alijibiwa na mwenzake.

Sasa tuseme mawasiliano yamekatika kweli. Hapa uhodari wa rubani uko kwenye alichokipanga kabla ya kupaa. Droni ikipoteza mawasiliano hufuata amri iliyowekewa: ielee palepale, itue, au irudi ilikopaa. Kwenye genge, kuelea ni kungoja betri iishe, na kutua ni kuangukia usikokujua. Inabaki kurudi. Kimo cha kurudia huhesabiwa kutoka mahali ilipopaa, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Kikiwekwa mita 40, droni iliyo mita 100 chini ya ukingo itapanda mita 140 kwanza, ndipo ianze kuja. Kupanda huko ndiko kunakoiokoa, kwa kuwa mara inapochomoza juu ya mwamba wanaonana tena na rubani anaichukua.

Hata hivyo, kupanda kunataka anga iliyo wazi juu yake. Ikiwa chini ya mwamba ulioinama mbele, au chini ya matawi, itapanda ijigonge, maana droni ndogo nyingi hazina macho ya kutazama juu. Na kuna jambo ambalo ni wachache hulisoma kwenye kitabu cha maelekezo: baadhi ya droni, zikiwa karibu sana na mahali zilipopaa kwa kipimo cha ulalo, hazipandi kwanza. Hutua. Programu ya droni inaona iko mita chache tu kutoka nyumbani. Haijui kwamba kati yake na nyumbani kuna genge. Ni sababu ya tatu ya kukaa mbali na ukuta ulio chini ya miguu yako.

Kwenye korongo jembamba linaongezeka tatizo la GPS. Chombo kinahitaji kuonana na setilaiti nne au zaidi ili kijue kilipo, na kuta mbili ndefu hubakiza kipande chembamba tu cha anga. Mawimbi mengine hufika yakiwa yameshagonga mwamba, yakaleta umbali wa uongo, na droni ikaanza kujisogeza kuelekea ukutani ikiamini inakaa palepale. Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yana hayo yote pamoja. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, korongo linaendelea kuelekea Ziwa Tanganyika, kuna mvuke wa maji, na kuna ndege wakubwa, wale marabu, wanaotaga kwenye kuta zake. Mpaka wa nchi uko katikati, kwa hiyo chombo kinaweza kuvuka nchi kabla rubani hajamaliza kugeuka. Mtu mwenye ufundi, mahali kama hapo, hutumia muda mwingi kuamua asichokipiga picha.

Na betri. Kushuka ni rahisi, na kupanda ndiko kunakogharimu, tena kupanda kunakuja mwishoni, betri ikiwa imepungua. Droni inayopanda mita 5 kwa sekunde inahitaji nusu dakika kumaliza mita 150, na pale ukingoni inakutana na upepo uliovurugika kwa kupita juu ya mwamba. Kijana wa Tanga aligeuza wakati skrini ikionyesha betri bado zaidi ya nusu. Mteja wake alinung’unika. Yeye akasema tu, “Kaka, hii ya kupandia siiazimi,” akaendelea kupandisha.

Kuna jambo jingine alilolifanya ambalo kwangu ndilo kipimo cha fundi. Mteja alitaka picha ya mwamba wa Irente kutoka chini kabisa, kwenye tambarare, ikipanda hadi watu waliosimama juu. Kutoka juu haiwezekani kuifanya vizuri. Kina ni kikubwa mno. Kijana hakujaribu. Alifunga mkoba, akasema watashuka kwa barabara ya Lushoto hadi Mombo, wafuate barabara kuu mpaka Mazinde, wapaishe kutoka huko. Huko rubani angekuwa chini na droni juu yake, hakuna ukingo unaowakatiza. Hata hivyo hawezi kuifuata yote mpaka juu kwa mruko mmoja, kwa kuwa sheria za nchi nyingi zinataka droni isizidi kama mita 120 kutoka ardhini, na kufuata mteremko kunataka uongozane nao kwa uangalifu. Lakini angalau tatizo la mawasiliano lingekuwa limeondolewa kwa lita chache za mafuta. Kujua kwamba picha fulani inatakiwa kuchukuliwa kutoka mahali pengine, na kumwambia hivyo mwenye pesa, ni ufundi uleule wa kuchagua jiwe, umepanuliwa tu.

Ufundi huu una kazi zaidi ya video za harusi na matangazo ya utalii. Aprili 2020 maporomoko ya ardhi yaliwapiga wakazi wa Chesogon, kwenye miteremko ya Bonde la Kerio nchini Kenya. Miteremko ya namna hiyo ni hatari kuikagua kwa miguu, na aghalabu njia ya kuifikia inatokea juu. Nguzo za madaraja, kuta za mabwawa, mtu aliyeteleza akaanguka korongoni: vyote hivyo hutazamwa na rubani aliye juu, chombo kikiwa chini yake. Picha ikikatika hapo, kinachopotea ni zaidi ya picha.

Basi ukimwita rubani wa droni aje kwenye mlima wenu, muulize kwanza kama ana kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Akianza kutembea ukingoni bila kufungua mkoba, akichungulia na kurudi nyuma, usimharakishe wala usimkate saa hiyo kwenye malipo. Hapo kazi imeshaanza.